Mwimbaji wa Mtu wa Huzuni: Maisha ya Philip Bliss



Kamati ya jubilii iliponiomba niandike habari za mtu mmoja wa kale aliyelitumikia Kanisa kwa kuimba, wenzangu wa besi walikuwa wameshanichagulia. Walimtaka Fanny Crosby, yule mama kipofu wa nyimbo zisizohesabika. Ni chaguo zuri, lakini habari zake zimeandikwa katika vijitabu vingi. Mimi nimemchagua Philip Paul Bliss. Wengi wetu hatulijui jina lake, ingawa hakuna mazishi tuliyohudumu miaka hii yote bila kuimba muziki alioutunga. Nimemchagua pia kwa sababu nyingine. Katika maisha yake mafupi aliimba sana juu ya jambo moja, kwamba Kristo alikufa mahali petu, na kifo chake mwenyewe kimewafanya watu wengi walichanganye jambo hilo. Nitalieleza tukifika huko.

Bliss alizaliwa tarehe 9 Julai 1838, katika nyumba ya magogo huko Pennsylvania, Marekani. Baba yake, Isaac, alikuwa Mmethodisti maskini aliyependa maombi na nyimbo kuliko kitu kingine chochote. Familia ilihama mara kwa mara ikitafuta riziki. Vitabu havikuwepo nyumbani isipokuwa Biblia na vichache vya dini, na muziki ulikuwa ule uliotoka kinywani mwa baba baada ya kazi, jioni. Kijana alijifunza kupiga filimbi alizochonga mwenyewe kwa matete.

Kuna kisa kimoja cha utoto wake ambacho kila aliyemwandika amekirudia. Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi hivi, alitumwa mjini kuuza mboga, akiwa pekupeku. Akipita mbele ya nyumba moja nzuri akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia maishani. Ilikuwa piano. Akausogelea mlango, akaingia bila hodi, akasimama sebuleni ametulia mpaka mwanamke aliyekuwa akicheza akanyamaza. Mtoto akamwomba aendelee. Mwanamke yule aligeuka, akaona nyayo za matope juu ya zulia lake, akamfukuza. Bliss alirudi barabarani na kapu lake, lakini ile sauti haikumtoka tena.

Akiwa na miaka 11 aliondoka nyumbani kwenda kujitafutia. Alifanya kazi mashambani, akapika katika kambi za wakata miti, akafanya kazi katika viwanda vya kupasua mbao. Majira ya baridi, kazi ilipopungua, alikwenda shule. Alipofikia miaka 12 alikiri imani hadharani akajiunga na kanisa la Wabaptisti. Alisema baadaye kwamba hakuweza kukumbuka siku ambayo hakumpenda Yesu. Nawaomba wanakwaya wachanga waliolelewa kanisani wasikie hilo. Wapo wanaojiona wapungufu kwa sababu hawana ushuhuda wa kutolewa kwenye pombe au uchawi. Mtu aliyeiimba damu ya msalaba kwa nguvu kuliko wengi wa kizazi chake hakuwa na ushuhuda wa namna hiyo.

Kufikia miaka 18 alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka wa 1858 alihamia kufundisha katika mji mdogo uitwao Rome, uko huko huko Pennsylvania, akapanga kwa familia ya Young. Binti yao Lucy alikuwa mwimbaji naye. Walioana tarehe 1 Juni 1859. Bwana harusi hakuwa na kitu. Alimfanyia kazi baba mkwe shambani kwa mshahara wa dola 13 kwa mwezi, na wakati wa baridi alizunguka vijijini na kinanda kidogo na farasi mzee, akifundisha watu kuimba kwa noti.

Hapa yupo mtu ambaye ningependa tumkumbuke katika jubilii hii, kwa sababu kila kwaya ina wenzake. Mwaka wa 1860 kulitangazwa chuo cha muziki cha majuma sita huko Geneseo, New York. Ada pamoja na chakula ilikuwa dola 30 hivi. Bliss hakuwa nazo wala hakuona zingetoka wapi. Alijitupa kwenye kiti akalia kama mtoto. Nyanya wa mkewe alikuwa chumbani humo. Akamwuliza kisa, akasikiliza, kisha akaenda akarudi na soksi kuukuu ambamo kwa miaka mingi alikuwa akidondosha sarafu moja moja za fedha. Walipozihesabu zilipita dola 30. Bliss akaenda Geneseo. Hakurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, kwa kuwa ada ilikuwa imelipwa na mkono usio wake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani mwaka uliofuata. Sheria ya uandikishaji ya mwaka 1863 ilikuwa na kifungu ambacho sisi leo tungekishangaa: mtu aliyeitwa vitani aliruhusiwa kutoa mtu mwingine aende badala yake. Mbadala huyo akishapokelewa jeshini, yule wa kwanza aliachiliwa na sheria, asidaiwe tena. Grover Cleveland, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi, alifanya hivyo. Alimlipa mhamiaji maskini dola 150 akaenda yeye. Kwa hiyo watu wa kizazi cha Bliss hawakuhitaji kufafanuliwa maana ya mtu kusimama mahali pa mwingine. Walikuwa na majirani waliobaki nyumbani kwa sababu mwingine alivaa sare kwa niaba yao. Bliss mwenyewe aliitwa jeshini mwaka 1865, lakini vita vilikuwa vinaisha na baada ya majuma mawili akaruhusiwa kurudi.

Mfano huu una tofauti yake, na tofauti hiyo ina uzito. Mbadala wa vitani alikuwa maskini aliyenunuliwa na mwenye fedha. Alikwenda kwa sababu ya njaa. Msalabani mambo yaligeuka juu chini: tajiri alikwenda badala ya maskini, bila kuajiriwa na mtu, na gharama akaitoa mwenyewe.

Tuendelee. Bliss alikuwa ameanza kutunga, na mwaka 1864 wimbo wake wa kwanza ulichapishwa. Kampuni ya Root na Cady ya Chicago, wachapishaji wa muziki, ilimchukua azunguke akiendesha matamasha na semina za uimbaji. Alipendeza watu. Alikuwa mrefu, mwenye umbo la kuheshimika na sauti nzito tamu iliyoweza kushuka kwenye besi bila shida. Fedha zilianza kuingia, na njia ya sifa ilikuwa wazi mbele yake.

Jioni moja mwaka 1869, akitembea Chicago na mkewe kabla ya ibada, alimkuta mhubiri D. L. Moody akihubiri nje, hewani, kisha akiwaongoza watu kuingia ukumbini. Wakamfuata. Siku hiyo Moody hakuwa na kiongozi wa nyimbo na uimbaji ulikuwa dhaifu. Kutoka kwenye viti vya kawaida sauti moja ikaubeba ukumbi mzima. Moody alimngoja mlangoni. Kabla ya Bliss kufika barabarani, Moody alikuwa amepata jina lake, anwani yake, na ahadi ya kuja kusaidia kila Jumapili atakapokuwa na nafasi. Walimu wa kwaya wanaijua njia hiyo. Ndivyo nilivyopatikana mimi.

Mwaka uliofuata alikutana na Meja D. W. Whittle, askari wa zamani aliyekuwa mhubiri. Whittle alisimulia kisa cha vita cha ngome ya Allatoona, Georgia, ya mwaka 1864, jinsi askari waliozingirwa walivyopewa habari kwa bendera kutoka mlimani kwamba msaada unakuja. Bliss akatunga wimbo juu ya ngome hiyo, nao ukavuma Marekani na Uingereza yote. Yeye mwenyewe aliuona kuwa si miongoni mwa nyimbo zake bora. Alimwambia mwenzake Ira Sankey kwamba anatumaini hatakumbukwa kwa huo peke yake. Baada ya kifo chake walimjengea mnara huko Rome, na juu yake wakachonga kwamba yeye ndiye mtunzi wa wimbo wa ngome. Watunzi wetu hapa, mkae mkijua.

Kwa miaka kadhaa Bliss aliongoza kwaya na shule ya Jumapili ya kanisa moja la Chicago huku akiendelea na biashara yake ya matamasha. Moody alikuwa Scotland, akimwandikia barua mfululizo kumsihi aache yote na kuimba Injili. Bliss alisita, na kusita kwake nakuelewa. Alikuwa na familia, na umaskini alioukulia alikuwa bado anaukumbuka. Machi 1874 yeye na Whittle walikwenda Waukegan, Illinois, kwa mikutano ya siku chache tu, kama majaribio. Walipoona watu wakimgeukia Mungu, wakapiga magoti alasiri moja wakajitoa. Bliss aliacha tamasha za biashara moja kwa moja. Vitabu vya nyimbo alivyotoa tangu hapo, kimojawapo pamoja na Sankey, viliingiza maelfu ya dola, na mapato hayo aliyaelekeza kwenye kazi ya Injili. Mtoto aliyefukuzwa kwenye piano kwa ajili ya matope angeweza kununua piano ngapi? Hakuzinunua.

Sasa nifike kwenye wimbo uliosababisha nimchague. Ulichapishwa mwaka 1875. Unaanza na jina ambalo nabii Isaya, sura ya 53, alimpa mtumishi wa Mungu: mtu wa huzuni. Ni wimbo mfupi, beti tano, na kila ubeti unaishia kwa haleluya moja. Kwa muziki hauna makeke. Mwanakwaya wa wiki moja anaweza kuushika. Nguvu yake iko katika mahali Bliss alipomweka mwimbaji. Nyimbo nyingi za msalaba hutusimamisha kando, tutazame mateso na tuhuzunike. Huu unamsimamisha Yesu kizimbani na kumwonyesha mwimbaji kwamba kizimba kile kilikuwa chake. Hukumu iliyosomwa ilikuwa na jina langu, na aliyeitikia jina hilo ni Yeye.

Hiyo ndiyo maana ya kusema Kristo alikufa kwa badala. Waisraeli walikuwa wameandaliwa kuielewa kwa karne nyingi. Siku ya Upatanisho, katika Mambo ya Walawi 16, mbuzi wawili waliletwa. Mmoja alichinjwa. Juu ya kichwa cha wa pili kuhani alikiri maovu yote ya watu, kisha mbuzi akapelekwa jangwani, akaondoka nayo. Mnyama hakuwa na kosa, na watu walikuwa nayo. Mwisho wa siku mnyama ndiye aliyekwenda jangwani, watu wakarudi hemani kwao. Isaya akachukua picha hiyo akaihamisha kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu. Na siku ya Ijumaa ile kulikuwa na mtu mmoja Yerusalemu aliyeyaona kwa macho kabla ya mtume yeyote kuyaandika: Baraba. Alikuwa mfungwa wa uasi na mauaji. Asubuhi hiyo alifunguliwa, na aliyechukuliwa kwenda kusulibiwa ni Yesu. Baraba hakuhitaji kwenda chuo cha theolojia. Alipotoka gerezani akaona umati unaelekea Golgotha, alijua kabisa nafasi ya nani imejazwa.

Najua wapo kati yetu, hasa vijana wa chuo, wanaouliza swali gumu, na si vema kulinyamazisha. Wanauliza ni haki gani hiyo ya kumwadhibu asiye na kosa ili mwenye kosa aende zake. Hakimu akifanya hivyo hapa kwetu tungeandamana, na Mithali 17 yenyewe inasema Mungu huchukizwa na anayemwachilia mwovu na anayemhukumu mwenye haki. Swali hili ni la zamani. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, aliandika kitabu kizima mwishoni mwa karne ya 11 kueleza kwa nini ilimpasa Mungu awe mwanadamu. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba deni ni la mwanadamu, hivyo anayelipa lazima awe mwanadamu; lakini deni ni kubwa mno kiasi kwamba anayeweza kulilipa ni Mungu peke yake; basi anayefaa ni mmoja aliye vyote viwili. Wanamatengenezo baada yake walitumia zaidi lugha ya mahakama, ya hukumu na adhabu, kwa kumfuata Paulo. Jambo la kushika ni hili: Mungu hakumkamata mpita njia akamtupia mzigo wa wengine. Hakimu mwenyewe alishuka kutoka kitini akasimama kizimbani. Baba na Mwana hawakuwa na nia mbili, mmoja mkali na mwingine mpole. Alijitoa kwa hiari yake, na upendo wa Baba ndio uliomtuma. Tukilihubiri fundisho hili kana kwamba Yesu alimbembeleza Baba asiyetaka kusamehe, tunakuwa tumeliharibu.

Kwangu mimi lilieleweka hospitalini, si kanisani. Miaka mingi iliyopita ndugu yangu alipona kabisa, daktari akaandika ruhusa, lakini hakutoka. Bili haikuwa imelipwa. Alikaa wodini majuma matatu akiwa mzima, amevaa nguo zake, amekaa kitandani na ruhusa yake mkononi, mlinzi yuko getini. Huruma zetu hazikumtoa, wala machozi ya mama. Siku moja karani akamwambia aende, bili imefungwa. Mtu fulani wa kanisani alikuwa ameilipa usiku, na hakutaka atajwe. Ndugu yangu hakumwuliza mlinzi kama ni haki. Alitoka. Lakini ninavyomjua tangu siku ile, hajawahi kutembea kama mtu asiyedaiwa upendo.

Na kwa kuwa tuko kwenye jubilii, tazameni Walawi 25, ambapo Biblia yetu inaiita yubile. Mwaka ambao madeni yaliachiliwa, mashamba yakarudishwa na watumwa wakaenda kwao, haukutangazwa siku yoyote tu. Baragumu ilipigwa Siku ya Upatanisho. Kwanza damu na mbuzi wa jangwani, kisha baragumu. Sisi tumeshona sare mpya na kukodi mahema, na ni vizuri, lakini yubile ya kwanza ilianzia madhabahuni.

Muda mfupi kabla ya kufa, Bliss alitembelea gereza la serikali huko Jackson, Michigan. Alizungumza na wafungwa juu ya mtu wa huzuni, kisha akawaimbia wimbo huo. Watu waliokuwa wamesimama kizimbani kweli, wakasomewa hukumu kweli, waliusikia kwa namna ambayo sisi wa viti vya kanisani hatuwezi. Wengi wao waliihesabu siku hiyo kuwa ndiyo siku ya kuokoka kwao.

Mwaka huo huo wa 1876 alitunga muziki wa ule wimbo ambao katika Tenzi za Rohoni tunaujua kama wimbo wa salama rohoni. Maneno ni ya Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, ambaye binti zake wanne walizama mwezi wa Novemba 1873 meli iitwayo Ville du Havre ilipogongana na nyingine katika Bahari ya Atlantiki. Mkewe peke yake alinusurika. Bliss aliupa muziki wake jina la meli hiyo. Tunauimba makaburini kwa sababu ya mawimbi na huzuni, na watu hulia ubeti wa kwanza. Lakini Spafford hakuiweka salama yake baharini. Uko ubeti wa katikati unaosema dhambi yake nzima ilikwisha kupigiliwa msalabani, na hapo ndipo nafsi yake ilipotulia. Nimeona mara nyingi kwaya zikiruka ubeti huo ili kufupisha ibada. Mwalimu, tafadhali, ukiwa huna muda ruka mwingine.

Novemba aliuimba wimbo huo Chicago, katika ukumbi wa Farwell, mbele ya mkutano mkubwa wa wahubiri. Krismasi akaenda Rome kwa jamaa zao pamoja na Lucy na wana wao wawili wadogo, George na Paul. Simu ya maandishi ikamwita Chicago kwa ibada ya Jumapili, tarehe 31 Desemba, kwenye hema la Moody. Watoto wakaachwa na jamaa. Masanduku yakatangulizwa.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 29 Desemba 1876, treni yao ilikaribia mji wa Ashtabula, Ohio, katika dhoruba ya theluji. Ilivutwa na injini mbili na mabehewa 11. Mbele kulikuwa na daraja la chuma juu ya korongo, kama mita 20 kwenda chini. Injini ya kwanza ilipofika ng'ambo, daraja likakatika nyuma yake. Injini ya pili na mabehewa yote yakatumbukia mtoni, moja juu ya jingine. Majiko ya makaa na taa za mafuta zilizokuwa ndani zikawasha mbao. Waliokuwemo walikuwa kama 160, na waliokufa ni 92 hivi. Philip na Lucy Bliss hawakuonekana tena. Hakikupatikana hata kipande cha kuzika. Alikuwa na miaka 38.

Baada ya siku chache yalienea masimulizi kwamba Bliss alikuwa ametoka kupitia dirishani, akiwa salama, lakini alipoona Lucy amebanwa na vyuma akarudi ndani ya moto, akafa naye. Masimulizi hayo yalitoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa mmoja wa walionusurika. Wengine waliyatilia shaka tangu wakati huo. Mimi nayapokea kama yanavyosimuliwa, na yanafanana na mtu ninayemfahamu kutokana na nyimbo zake. Lakini nimewasikia wahubiri wakiyatumia, na hapa ndipo mchanganyiko niliousema mwanzoni. Husema kwamba Bliss alifanya alichofanya Yesu. Hapana. Ikiwa alirudi, alikufa pamoja na Lucy. Hakufa badala yake. Upendo wake ulikuwa wa kweli hata mwisho, nao haukuweza kulegeza chuma hata kimoja. Lucy hakutoka. Upendo wa mwanadamu ukifika kileleni kabisa unaweza kutuingilia motoni ukakaa nasi, na hilo ni kubwa, nani kati yetu ana mtu wa namna hiyo? Yesu naye aliingia, lakini tofauti yake ni kwamba mlango ulibaki wazi nyuma yake na sisi tukatoka. Bliss mwenyewe angekuwa wa kwanza kukasirika kuona anapewa nafasi aliyoiimba kuwa ya mwingine.

Moody aliwaomba watoto wa shule za Jumapili wachange kwa ajili ya yatima wale wawili na mnara, nao wakatoa, na mnara ukazinduliwa huko Rome Julai 1877. Huko Ashtabula mabaki ya wale wasiotambulika yalizikwa pamoja.

Whittle alikwenda Ashtabula kumtafuta rafiki yake kwenye majivu. Huko alikutana na kijana mwimbaji, James McGranahan, ambaye Bliss alikuwa amemwandikia barua akimsihi aingie katika kazi ya Injili. McGranahan alikuwa akisita, kama Bliss alivyosita kabla ya Waukegan. Walisafiri pamoja kurudi Chicago. Lile sanduku lililotangulia lilikuwa limefika salama. Walipolifungua, miongoni mwa karatasi wakakuta maneno ya wimbo mpya usio na muziki. Ulikuwa juu ya Mkombozi aliyelipa deni msalabani na kumweka mtu huru. McGranahan aliutungia muziki, akachukua nafasi ya Bliss kando ya Whittle, na wimbo huo ukaanza kuimbwa.